Sumaku Huonaje Ndani ya Mwili Usio na Chuma?

Ndugu msomaji,

Umeandika kwamba mama yako amepigwa picha za ubongo kwa mashine ya MRI, na kwamba mliambiwa mashine hiyo haitumii mionzi kama eksirei bali sumaku. Unauliza sumaku inawezaje kuona ndani ya mwili usio na chuma, kwa nini mashine iligonga kwa kelele kubwa karibu muda wote, na kwa nini katika picha mbili za ubongo uleule, zilizopigwa siku moja, maji yaliyo katikati ya ubongo yametokea meusi katika moja na meupe katika nyingine. Nitaanza na la sumaku, kwa kuwa mengine mawili yanatoka humo, na nitakaa zaidi kwenye la mwisho, ambalo kwangu ndilo swali zuri kuliko yote uliyouliza.

Sumaku haioni kitu. Mionzi ya eksirei hupenya mwili, huzuiwa zaidi na mfupa kuliko nyama, na picha inayopatikana ni kivuli cha kile kilichoizuia. Katika MRI hakuna kivuli. Mashine huuweka mwili katika hali ambayo mwili wenyewe hutoa ishara dhaifu ya redio, kisha hukaa kimya na kuipokea ishara hiyo. Kazi ya sumaku kubwa ni kuifanya ishara iwezekane. Picha yenyewe hutengenezwa na mambo mengine, ambayo nitayafikia.

Mtoaji wa ishara ni kiini cha atomu ya haidrojeni, ambacho ni protoni moja tu. Protoni ina sifa ya asili inayoitwa spini, na kwa sababu ya sifa hiyo kila protoni ni sumaku ndogo mno. Si kila kiini cha atomu kiko hivyo: kaboni ya kawaida na oksijeni ya kawaida, ambazo zimejaa mwilini, zina viini ambavyo spini yake ni sifuri, kwa hiyo mbele ya mashine hii ni kama hazipo. Haidrojeni ndiyo iliyotufaa, kwa kuwa imo katika kila molekuli ya maji na kwa wingi katika mafuta, na mwili wetu sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo ni kweli kwamba mwili hauna chuma cha kuvutwa, lakini umejaa sumaku ndogo zisizohesabika ambazo siku zote zimeelekea huku na kule bila mpangilio, hivi kwamba zinafutana na hakuna kinachoonekana kwa nje.

Hapa ndipo maelezo mengi yanapopotoka, nami naomba tutulie kidogo. Utasikia ikisemwa kwamba mtu akiingia kwenye mashine protoni zake zote hujipanga na kuelekea upande mmoja kama askari kwenye gwaride. Si kweli. Joto la mwili huzitikisa molekuli bila kukoma, na nguvu ya mtikisiko huo ni kubwa mno ikilinganishwa na nguvu ambayo sumaku inazielekeza protoni. Katika mashine yenye nguvu ya tesla 1.5, ambayo ni takriban mara 30,000 ya usumaku wa dunia, ziada ya protoni zinazofuata uga wa sumaku (nguvu yake iliyoenea pande zote) juu ya zile zinazoupinga ni kama 5 tu katika kila milioni. Zilizobaki zinafutana kama zamani. Hakuna gwaride, kuna umati unaoendelea kuzunguka ovyo, ila umeegemea upande mmoja kwa kiasi kidogo sana.

Tunachokipata kinatoka kwenye ziada hiyo ndogo, nacho kinatosha kwa sababu protoni ni nyingi kupita kiasi. Tone la maji lenye ukubwa wa milimita 1 ya ujazo lina protoni kama bilioni bilioni 67. Chukua 5 katika kila milioni ya hizo na utabakiwa na ziada inayozidi trilioni 300, zote zikichangia usumaku wa jumla unaoweza kupimwa. Hii pia ndiyo sababu ya kutengeneza mashine za tesla 3 na kuendelea: ukiongeza nguvu ya sumaku maradufu, ziada huongezeka maradufu, na ishara huwa safi zaidi. Nguvu hiyo hupatikana kwa nyaya za niobiamu na titaniamu zilizopozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, hali ambayo umeme hupita ndani yake bila ukinzani wowote na huendelea kuzunguka wenyewe. Ndiyo maana sumaku hiyo haizimwi usiku mashine inapokuwa haina mgonjwa, na ndiyo maana mtu mwenye kitu cha chuma hapaswi kuingia chumbani hata mashine ikiwa kimya.

Sasa tuna usumaku wa jumla, lakini umelala sambamba na sumaku kubwa, na hapo haupimiki, kwa sababu umezama ndani ya uga ulio mkubwa kuliko wenyewe kwa mamilioni ya mara. Ili tuutambue ni lazima tuulaze pembeni. Kinachotusaidia ni tabia moja ya protoni ambayo unaweza kuifananisha na pia, kile kichezeo cha watoto kinachozunguka kwa ncha yake. Pia inayozunguka ikiinama haianguki papo hapo, bali kichwa chake huchora duara polepole. Usumaku wa protoni ukiwa umeinama ndani ya uga wa sumaku nao huchora duara kuuzunguka uga huo, na kasi yake hufuata kanuni inayobeba jina la Joseph Larmor: kwa kila tesla 1, mizunguko milioni 42.58 kwa sekunde. Idadi hiyo ya mizunguko kwa sekunde nitaiita masafa, kama tunavyosema masafa ya redio. Kwenye tesla 1.5 masafa ya protoni ni megahezi 63.87 hivi, yaani mizunguko milioni 63.87 kwa sekunde; kwenye tesla 3 ni maradufu yake. Mfano wa pia una kikomo, kwa maana protoni si gololi inayozungushwa na mtu na haichoki kuzunguka, lakini kwa usumaku wa jumla wa mabilioni ya protoni hesabu zake zinakubalika kabisa.

Masafa hayo yamo ndani ya eneo la mawimbi ya redio. Koili (waya uliozungushwa mara nyingi) iliyomzunguka mgonjwa ikituma pigo fupi la mawimbi ya redio yenye masafa yaleyale, kila wimbi humkuta protoni yuko palepale alipokuwa wimbi lililotangulia lilipomgusa, na misukumo midogo hujumlishana. Ukimsukuma mtoto kwenye bembea kwa wakati wake, misukumo ya kidole kimoja itampeleka juu. Ukisukuma nje ya wakati, utamvuruga tu. Kupatana huko kwa masafa ndiko kunakoitwa resonansi, na ndiyo asili ya herufi ya katikati katika jina MRI. Pigo likidumu milisekunde chache, usumaku wa jumla huwa umelala digrii 90 kutoka mahali ulipokuwa, huku ukiendelea kuzunguka. Pigo linakatwa. Kilichobaki ni sumaku inayozunguka mbele ya koili, na sumaku inayozunguka mbele ya koili huzalisha mkondo wa umeme ndani yake, kanuni ileile inayoendesha jenereta. Mkondo huo hafifu ndio ishara. Isidor Rabi aliipima resonansi ya viini katika mihimili ya molekuli mwaka 1938. Makundi mawili ya watafiti, moja la Felix Bloch na jingine la Edward Purcell, yaliipata ndani ya vitu vya kawaida mwaka 1946, na viongozi wao hao wawili wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1952.

Utaona kwamba hadi hapa hatuna picha. Kichwa kizima kinatoa ishara kwa masafa mamoja, na ishara moja haisemi lolote kuhusu mahali. Mtu anaweza kudhani tatizo ni la lenzi, kwamba tungetafuta namna ya kuyakusanya mawimbi kama kamera inavyokusanya mwanga. Haiwezekani. Wimbi la masafa ya megahezi 64 lina urefu wa karibu mita 4.7 hewani, na hata ndani ya tishu zenye maji hubaki na urefu wa nusu mita hivi, ilhali kwa kawaida wimbi halionyeshi vizuri kitu kilicho kidogo sana kuliko urefu wake. Kwa njia hiyo hata kichwa chenyewe kingekuwa doa moja.

Jibu la tatizo hili lilichapishwa na Paul Lauterbur mwaka 1973, na kwangu ni miongoni mwa mawazo mazuri zaidi ya fizikia ya karne ya 20, kwa kuwa linatumia kasoro kama chombo. Watu wa fani hii walikuwa wakihangaika kuufanya uga wa sumaku uwe sawa kila mahali, kwani usipokuwa sawa masafa ya protoni hutofautiana na ishara huvurugika. Lauterbur aliuharibu usawa huo kwa makusudi, tena kwa mpangilio. Ukiongeza koili nyingine inayoufanya uga uwe na nguvu kidogo zaidi upande wa kulia kuliko kushoto, protoni za kulia zitazunguka haraka kuliko za kushoto, na masafa yatakuwa anwani. Mpando huo wa nguvu huitwa gradienti. Gradienti ya militesla 10 kwa kila mita hubadilisha masafa kwa takriban hezi 426 kwa kila milimita 1. Ni kiasi kidogo sana ndani ya mamilioni 64, lakini vyombo vya redio hutofautisha masafa kwa ustadi ambao jicho haliwezi kuukaribia. Mahali pa kitu hapajulikani kwa urefu wa wimbi bali kwa masafa yake, na kizuizi cha mita 4.7 kinaondoka chenyewe.

Kwa kuwa mwili una pande tatu, zinahitajika koili tatu za gradienti. Ya kwanza huwashwa wakati wa pigo la redio, ili pigo lipatane na protoni za bamba jembamba tu la kichwa, na hivyo ndivyo kipande cha picha kinavyochaguliwa bila kukata chochote. Ya pili huwashwa wakati ishara inapokelewa. Ya tatu huwashwa kwa muda mfupi kati ya hizo mbili na kuziacha protoni za mstari mmoja zikiwa zimetangulia kidogo kuliko za mstari mwingine. Jambo hilo hurudiwa mara nyingi, pengine mara 256, kila mara kwa nguvu tofauti. Kompyuta hupewa mkusanyiko wa ishara hizo zote, na kwa hesabu ya Fourier, ambayo huchambua wimbi lililochanganyika na kutaja masafa yaliyomo na ukubwa wa kila moja, hujenga picha. Marudio hayo ndiyo yanayomfanya mgonjwa alale bila kutikisika kwa dakika kadhaa: akisogea katikati, anwani za mwanzo hazilingani tena na za mwisho. Peter Mansfield alibuni namna ya kuyafanya kwa haraka sana, na mwaka 2003 yeye na Lauterbur walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Kelele uliyoisikia inatoka hapo. Koili za gradienti hubeba mkondo wa mamia ya ampea unaowashwa na kuzimwa mfululizo, nazo ziko ndani ya sumaku kubwa. Waya wenye umeme ukiwa ndani ya uga wa sumaku husukumwa, hivyo kila badiliko la mkondo huzipiga koili kama nyundo, na mashine nzima hutikisika kama ngozi ya ngoma. Kelele hiyo inaweza kupita desibeli 100, na ndiyo sababu mama yako alipewa vizibo vya masikio. Kila namna ya picha ina mpangilio wake wa gradienti, kwa hiyo ina mdundo wake; fundi mzoefu anaweza kutambua kwa kusikia tu ni picha ya namna gani inayopigwa.

Tuje sasa kwenye picha mbili. Baada ya pigo la redio, mambo mawili huanza kutokea kwa wakati mmoja, lakini si kwa kasi moja. La kwanza ni kwamba usumaku uliolazwa hurejea taratibu kusimama sambamba na sumaku kubwa, kwa kutoa nishati yake kwa molekuli zilizouzunguka. Muda unaopima urejeo huo huitwa T1. La pili ni kwamba protoni zilizokuwa zikizunguka pamoja hupoteza mwafaka wao, kwa sababu kila moja husumbuliwa na sumaku ndogo za jirani zake, na ishara yao ya jumla hufifia hata kabla ya usumaku kurejea. Muda wa kufifia huko huitwa T2.

Nyakati hizi mbili hutegemea jinsi molekuli zinavyotembea. Molekuli za maji yaliyo huru, kama yale yaliyo ndani ya mashimo ya ubongo, hupinduka haraka mno kupita masafa ambayo yangewezesha nishati kupokelewa, kwa hiyo T1 yake ni ndefu, karibu sekunde 4. Kwa upinduaji huohuo wa haraka, usumbufu wa jirani hujifuta kabla haujaleta madhara, kwa hiyo T2 yake nayo ni ndefu, karibu sekunde 2. Mafuta, ambayo molekuli zake hujongea kwa mwendo unaokaribiana na masafa ya mashine, hutoa nishati haraka. T1 yake ni kama milisekunde 250 kwenye tesla 1.5. Sehemu nyeupe ya ubongo iko katikati, ikiwa na T1 ya milisekunde kama 600 na T2 ya kama 80. Raymond Damadian alionyesha mwaka 1971 kwamba nyakati hizi hutofautiana kati ya uvimbe wa saratani na tishu zenye afya katika panya, na ugunduzi huo ndio uliowafanya wengi waanze kuitazama resonansi hii kwa macho ya tabibu.

Fundi wa mashine ana vitasa viwili mkononi. Kimoja ni muda wa kusubiri kati ya pigo moja na lifuatalo, unaoandikwa TR. Cha pili ni muda wa kusubiri kati ya pigo na kupokea ishara, unaoandikwa TE. Tuseme amechagua TR ya milisekunde 500 na TE fupi sana. Pigo la pili linapokuja, mafuta yamekwisha kurejesha asilimia 86 ya usumaku wake, sehemu nyeupe ya ubongo asilimia 57 hivi, na maji asilimia 12 tu. Pigo haliwezi kulaza kisichosimama, kwa hiyo maji hutoa ishara ndogo na kutokea meusi. Hiyo ndiyo picha yako ya kwanza, iitwayo picha ya T1.

Sasa tuseme amechagua TR ya sekunde 4 na TE ya milisekunde 100. Sehemu nyeupe imerejea karibu yote, na maji yamerejea asilimia 63. Lakini fundi hasikilizi papo hapo. Baada ya milisekunde 100 maji yamebakiwa na asilimia 95 ya ishara yake, ilhali sehemu nyeupe imebakiwa na asilimia 29. Ukizidisha, maji yana 60 na ubongo una 29. Maji yaleyale yaliyokuwa meusi sasa ndiyo yanayong'aa. Hakuna picha iliyokosea. Mweusi na mweupe katika MRI si rangi ya kitu, wala si uzito wake kama ilivyo katika eksirei; ni jibu la swali lililoulizwa kwa wakati maalumu. Kwa kuwa ugonjwa mara nyingi huja na maji mahali pasipostahili, kama vile uvimbe, kuvimba au kidonda, picha ya T2 humwonyesha daktari mahali pa kutazama, na ya T1 humwonyesha umbo la viungo kwa usafi.

Umeuliza pia, kwa maneno ya kupita, kama kweli hakuna mionzi. Mawimbi ya redio ni mionzi kwa maana pana ya fizikia, lakini kila chembe ya nishati yake, kwa megahezi 64, ina sehemu kama 26 tu katika milioni 100 za elektronivolti 1 (kipimo cha nishati ya chembe ndogo), wakati kung'oa elektroni kutoka kwenye molekuli huhitaji elektronivolti kadhaa, na chembe ya eksirei hubeba makumi ya maelfu yake. Kwa hiyo haiwezi kuvunja DNA. Inachoweza kufanya ni kupasha mwili joto kidogo, na mashine hukadiria joto hilo kwa uzito wa mgonjwa na kulizuia lisipite mpaka. Ndiyo maana mama yako aliulizwa uzito wake kabla ya kulala.

Ukilitazama bahasha la picha tena huenda ukakuta ya tatu, ambayo ubongo unafanana kabisa na picha ya T2 lakini maji ya katikati ni meusi. Hiyo hupigwa kwa kuupindua kwanza usumaku wote digrii 180, chini juu, kisha kusubiri zaidi ya sekunde 2. Usumaku wa maji, katika safari yake ndefu ya kurudi kutoka chini kwenda juu, hupita kwenye sifuri, na pigo la kupigia picha hutumwa wakati huohuo, ambapo maji hayana chochote cha kulazwa. Maji huru hunyamaza, na maji yaliyoshikwa ndani ya tishu iliyoumia, ambayo T1 yake ni fupi zaidi na yamekwisha kupita sifuri kitambo, hubaki yaking'aa peke yake kando ya weusi huo.